Kwato za Mnunuzi wa Pamba

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Dutwa, Masele alijikuta kwenye basi ameketi na mmoja wao, mwanamke mgeni mwenye gauni la kuburuza. Kiti cha mbele kina mama wawili walikuwa wakibishana.

"Jini ana kwato zilizopasuka, kama za ng'ombe."

"Acha, mayu! Ng'ombe ni baraka. Jini ana za punda, hazina mpasuko."

Masele hakuona tofauti: kwato ni kwato. Alikodolea macho pindo la gauni mpaka Bariadi, basi liliposimama na mwanamke akalipandisha ashuke. Ndala, vidole vitano vitano. Masele akashusha pumzi.

"Umeridhika?" mwanamke akamuuliza. "Sasa na wewe vua, baba. Gambuti kiangazi hiki? Tangu Dutwa nasali."