Jipu la Paja na Jicho la Kushoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mganga Mfawidhi wa kituo chetu, mapadri na masheikh mliotuheshimu, wauguzi, na wagonjwa wenzangu mliopata viti na mliokosa: wakubwa shikamooni, wengine nawasalimu.

Mimi ni Tabu binti Alfani, mzaliwa wa Nalasi, fundi cherehani hapa Songea mwaka wa kumi na moja. Cherehani nne, zote kwa jasho langu. Nimepewa dakika tano nimuage Mama Kunegunda, muuguzi wa chumba cha macho, ambaye jina lake limo katika orodha ya watumishi wanaopunguzwa. Ana miaka arobaini na sita. Chumba kinafungwa Ijumaa. Sawa. Lakini kabla sijaaga, niwaeleze kwa nini nawaona nusu.

Mwaka juzi jipu liliniota pajani. Jipu nalo ni la kumpeleka mtu hospitali? Nikalikanda kwa maji ya chumvi, nikaendelea kushona sare za shule. Siku ya sita, homa. Siku ya nane jicho la kushoto jekundu, zito, linauma kwa ndani. Siku hizi biashara huria, maduka ya dawa kila kona: maduka matatu, chupa tatu za matone, na muuzaji hata mmoja hakuniuliza swali! Siku ya kumi na mbili kushoto ni kiza, na kulia ukungu umeanza.

Ndipo nikaingia kwa Mama Kunegunda. Mimi namwelekezea jicho, yeye anatazama ninavyochechemea.

"Mguu una nini?"

"Mama, mimi nimeleta jicho."

"Jicho limekuja na miguu. Haya, kipi kilianza?"

Siku ile ile jipu likapasuliwa, dawa kali ikapitishwa mshipani. Kesho yake nikapelekwa kwa daktari bingwa, akanichoma sindano ndani ya jicho lenyewe. La kushoto halikurudi. La kulia ndilo hili linalowatazama.

Nilipopona nikaanza kumsumbua kila alipopita kwangu ninaposhonea: paja na jicho, wapi na wapi? Akanieleza kwa kazi yangu. Vimshipa vya damu vilivyo nyuma ya jicho, alisema, kuta zake zimeshonwa kwa mshono wa karibu mno, ili takataka za damu zisiliguse pazia jembamba linalopokea mwanga. Nikauliza, mishono mingapi kwa inchi? Maana mimi suruali naipiga kumi na miwili, gunia mitatu. Akacheka: "Tabu, huo hauhesabiki!" Sasa kama ni mshono wa namna hiyo, vijidudu vya jipu vilipitaje? Vilisafiri na damu, vikakwama mle, vikatoa sumu inayolegeza nyuzi. Halafu, na hapa niliweka mkasi chini, askari wa mwili wangu mwenyewe wakaingia kwa kishindo kuvifukuza, wakazidi kufumua. Jicho likawaka kwa ndani, na vita yenyewe ikachana pazia. Na matone yangu je? "Ulikuwa unaosha baraza, mwizi yuko chumbani."

Mpaka leo najiuliza: mshono ule ukifumuka, mwili huushona tena? Alisema mara nyingine ndiyo, ila kwa uzi gani, hajui. Nampenda mtu wa kusema sijui.

Mheshimiwa, swali lililoniokoa lina maneno mawili: kipi kilianza? Halitaki mashine wala umeme. Linataka mtu wa kuliuliza Jumatatu asubuhi. Tunaambiwa kumpunguza huyu ni kupunguza mzigo. Mimi hesabu naijua: ukipunguza mafundi, hujapunguza walio uchi.

Kwa hiyo kuaga kumenishinda. Karatasi hizi zina majina mia mbili na kumi na nne ya waliotibiwa chumbani mle, kuanzia Matogoro hadi Namtumbo. Sitini na mmoja wameweka dole gumba. Tunaomba abaki.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Bwana Aidan, mshereheshaji wetu, hebu nishike mkono upande huu wa kushoto, ngazi siioni. Nataka nimkabidhi mgeni rasmi mwenyewe.