Kasoki Léoncie na Vikwembe Vilivyovaliwa Mara Moja

Mababa mapadri, jamaa mliotoka Butembo na Beni, majirani wa Mabanga, tangu jana jioni wengi wenu mmeuliza kwa nini kilio hiki hakina sare, kwa nini kila mtu amekuja na kikwembe chake mwenyewe, na jibu limo katika maisha haya, yaliyoandikwa na mume wa marehemu, Mwalimu Kambere Grégoire, na kusomwa kwa niaba yake na shemeji yake Léopold.

Kasoki Léoncie alizaliwa Butembo tarehe 14 Aprili 1968, mtoto wa nne wa mfanyabiashara wa maharagwe. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1974 hadi 1980, kisha akasomea ushonaji, akapata diploma Julai 1987, na mwalimu wake aliandika kwamba ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na Kambere, ambaye alikuwa ametoka chuo kikuu na kuanza kufundisha jiografia hapa Goma, na siku hiyo jamaa mia mbili walivaa kikwembe kimoja cha bluu chenye ndege weupe, kama desturi yetu inavyotaka, kisha kila mmoja akakikunja, akakiweka sandukuni, wala hakukivaa tena. Mungu aliwajalia watoto wawili, Benny, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1991, na Charline, ambaye kuzaliwa kwake kuna habari yake.

Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoujaza mji na kipindupindu kikawafuata, Kasoki alijitolea kuchota maji kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Ndosho, na tarehe 23 alimkuta mama aitwaye Mukagasana, aliyejifungua juu ya mawe ya volkano na kumfunga mtoto ndani ya gunia la unga. Alirudi nyumbani kwa miguu, akafungua sanduku, akatoa kikwembe cha ndoa, akaanza kukikata vipande vinne.

"Kasoki, hiyo si kikwembe ya ndoa yetu?" mumewe alipaza sauti.

"Ndoa iko, Papa Benny," alijibu, mkasi ukiendelea. "Ni kikwembe ndiyo inalala bure. Ule mutoto anasikia baridi."

Kesho yake aligonga milango ya Mabanga akiomba vitambaa vya kuwafunika watoto wachanga wengine, kwa kuwa kila mwanamke alikuwa na sanduku lenye sare za harusi, za Siku ya Wanawake ya tarehe 8 Machi na za kilio, zilizovaliwa mara moja tu, na jirani yake Mama Shakila akatoa cherehani yake ya miguu kwa sharti moja, kwamba Kasoki asiimbe wakati wa kazi, sharti ambalo halikuheshimiwa hata siku moja.

Kazi hiyo ilikaribia kufa mapema, kwa sababu ya sare za kilio. Akina mama waliojifungua walizikataa, wakiogopa kwamba kitambaa cha msiba kitamletea mtoto mkosi, na sokoni watu walisema, "Mama Benny anatembeza kifo mu maternité," hata mumewe, mtu wa masomo, akamshauri azitupe. Kasoki, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba, hakubishana na mtu. Charline alipozaliwa tarehe 3 Februari 1995, alitoa kikapuni sare nyeusi na zambarau ya kilio cha mama mkwe wake mwenyewe, iliyofuliwa na kupigwa pasi, akamfunga binti yake ndani yake mbele ya wodi nzima. Kambere alihesabu siku arobaini kwa hofu ambayo hakumwambia mtu. Mtoto alinenepa, na kabla ya Pasaka wazazi wa wodi hiyo walikuwa wakiuliza wenyewe, "Na za kilio, hazikubakia?"

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika karakana ya kikundi cha wanawake alichokuwa amekianzisha, pamoja na cherehani sita, na siku ya kumi na moja walikuwa wakishona tena, chini ya turubai, Ndosho. Juni 2022, Bunagana ilipoanguka mikononi mwa waasi na barabara ikajaa watu wenye magodoro vichwani, wanawake themanini na wanne wa kikundi chake waliwapokea wazazi wa kwanza na vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Daftari lake, ambamo kila mtoto aliandikwa kwa jina, lina majina 21,604.

Machi 2023 madaktari waligundua saratani ya ini, na Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani kwake, Charline, ambaye sasa ni mkunga, akiwa anamsomea majina ya wiki hiyo.

Alikuwa ameacha agizo moja, kwamba sare isinunuliwe. Kambere aliahidi, lakini kwenye kikao cha jamaa dada mkubwa wa marehemu, Mama Olive, alilia, "Watu watasema tulimuzika kama mutu asiye na jamaa," na Kambere, ni lazima isemwe, jana asubuhi alikuwa sokoni akichagua rangi ya sare. Aliporudi, Charline alitandaza mezani kile kitambaa cheusi na zambarau. Mama Olive alikishika muda mrefu, akatoka, akarudi na mpagazi aliyebeba sanduku lake zima.

"Muzee Kambere, hesabu," alisema. "Humu iko watoto ngapi?"

Sanduku hilo ndilo mliloliona mlangoni, na hadi tunasoma maneno haya limefuatwa na mengine kumi na saba.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopika na kukesha, walimu wanaofundisha na Kambere, Mama Shakila na wanawake wote wa kikundi, ambao kesho asubuhi watakuwa kazini.

Pumzika sasa, Mama Benny. Watoto wamefunikwa.