Watu wa Boca Vieja Hawasafiri

Benchi letu liko kona ya uwanja wa kanisa, mkabala na kibanda changu cha kunyolea, chini ya paa la bati ambalo kampuni ya mabasi ya Brisa ililisimamisha mwaka wa uchaguzi ikalisahau. Paa lilijengwa kwa ajili ya abiria, lakini wenye nalo ni wale wale watatu. Yupo Daktari, ambaye jina lake ni Eustorgio, na udaktari wake wote ni kuuza dawa za minyoo sokoni kwa kipaza sauti. Yupo Seneta, yaani Dagoberto, aliyewahi kugombea udiwani akapata kura zisizofikia hata idadi ya watoto wake. Na yupo Nafer, tunayemwita Mguu-Kasuku kwa sababu akitembea vidole vya miguu vinatazamana. Yesid muuza kahawa huweka chupa zake hapo miguuni pao na kuwamiminia mpaka jua liwafukuze. Asubuhi ninayoisema, nafasi ya nne ilikuwa wazi. Ni ya Aníbal. Figo zake zimechoka, huenda mjini Barranquilla mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na akiwa benchini hununua kikombe chake kama wenzake, akakinusa, akampa jirani, maana hata maji ya kunywa anapimiwa.

Habari ya siku ilikuwa basi. Tangu juma lililopita gari la Brisa lilikuwa haliingii Boca Vieja. Linapita huko juu barabara kuu, linasimama kidogo njia panda ya La Cruz, penye jua na vumbi la magari ya chumvi, kisha hilo, linaondoka. Na sisi si watu wa kufuata basi njia panda. Kwetu basi ndilo linalomfuata mtu. Dereva wetu, Mono, alikuwa akiingia alfajiri, anazunguka mtaa kwa mtaa akipiga honi kwenye mlango wa kila mwenye safari, na kama bado unatafuta kiatu cha pili, basi zima linakungoja, wengine wakikuchagulia kiatu kwa kupiga kelele dirishani.

— Kampuni ya wahuni ile, — alisema Seneta. — Mimi nilishawajua zamani.

— Ulishawajua, ukanyamaza?

— Mwanasiasa hasemi kila anachokijua, Mguu-Kasuku. Sikiliza. Shemeji yake meya amenunua bodaboda. Nyingi. Basi likiendelea kuingia, nani atapanda bodaboda? Hesabu ni rahisi hiyo.

Mguu-Kasuku alicheka kwa dharau, akasema bodaboda za huyo shemeji ni mbili, na moja haina kiti. Yeye alikuwa na habari ya ndani zaidi. Mwenye kampuni, alituambia, alipokuwa kijana alikuja hapa kwenye sikukuu ya San Roque, akampenda binti wa akina Pacheco, akamwomba wacheze, na binti akamwambia mbele ya watu kwamba hachezi na mwanamume anayenuka dizeli. Huyo mtu aliondoka na donge lake, akafanya kazi miaka yote hiyo, akanunua mabasi, yote kwa ajili ya siku moja tu ya kutunyima.

— Binti yupi wa akina Pacheco? — niliuliza kutoka kibandani.

— Kinyozi, wewe nyoa.

Nilikuwa na kichwa cha mwalimu wa hesabu mkononi, kwa hiyo niliendelea kunyoa. Lakini masikio yalibaki nje. Daktari alikuwa bado hajasema, na Daktari hasemi mpaka wenzake waishiwe. Alipuliza kahawa yake, akaweka mguu juu ya mguu.

— Ninyi mnaongea mambo ya wanawake na bodaboda. Mimi naongea sayansi. Bahari inapanda. Kampuni kubwa zina ramani, zinajua mji upi utazama mwaka upi. Sisi tumo. Sasa, wewe una basi jipya, lina viyoyozi, utalipeleka mahali ambapo kesho ni maji? Ndiyo maana wahenga wakasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mgema ameingiaje hapo?

— Maji, Mguu-Kasuku. Umeyasikia maji? Wahenga walijua.

Seneta hakukubali kushindwa na mtu wa minyoo. Alisema bahari ni kisingizio tu. Mpango ni kuufuta mji. Mji usio na basi hufutwa kwenye ramani, ukishafutwa ufukwe unakuwa hauna mwenyewe, wanakuja watu na hoteli yao, na sisi tutabakishwa humo humo tuvae kofia za ukindu na kuwachezea wageni ngoma jioni.

— Wewe hata kucheza hujui, — alisema Mguu-Kasuku. — Wewe watakutoa.

Walicheka, Yesid akamimina tena. Ningesema walikuwa na furaha, na hilo ndilo linalonikera kwa wale watu. Wakinyimwa kitu wanapata cha kuzungumza, na wakishapata cha kuzungumza wanaona wamepata kitu.

Hapo ndipo mke wa Aníbal, Ubaldina, alipotokea upande wa soko la samaki, ana mwavuli wa jua na viatu vya kwenda kanisani. Mwanamke huyu hajawahi kuja benchini. Humwita mume wake kutoka ng'ambo ya uwanja, na mume huinuka. Walipomwona anavuka moja kwa moja kuja kwao, walikaa vizuri, na Mguu-Kasuku akafuta nafasi ya nne kwa kiganja.

— Karibu, shemeji. Kaa. Kahawa?

— Sikai. Jana nilikwenda ofisi za Brisa, mjini.

Seneta alimuuliza kama waliungama njama yao. Ubaldina akamtazama, akaendelea kama hakusikia. Alisema Aníbal ameshakosa kusafishwa damu mara mbili. Mara ya kwanza alimpakia bodaboda, naye akazimia kabla hawajafika La Cruz, wakamrudisha amelala kwenye mkokoteni wa samaki. Gari la kukodi waliliweza siku moja, kila wiki hawaliwezi. Sasa miguu yake imevimba hata kandambili hazimwingii, na usiku analala amekaa kitini, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Alisema hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma bei sokoni. Kisha akasema jambo lililoligusa benchi lenyewe.

— Wameniambia basi liliondolewa kwa sababu Boca Vieja haina abiria. Walimleta binti wa kuhesabu. Alikaa hapa, benchi hili, wiki nzima. Hakuona hata mtu mmoja akipanda.

Wembe wangu ulisimama kwenye shavu la mwalimu.

Niwaeleze, maana wao hawakueleza. Binti huyo tulimwona wote. Alikuja na kofia na kidude cha kubofya kwa kidole gumba, akakaa pembeni ya benchi, mpole, hasemi. Siku ile ile Daktari alitangaza kwamba ni mtu wa shirika la umeme, ametumwa kuhesabu nani anatoka nyumba ipi, ili wajue nyumba zipi zimejiunganishia nyaya bila mita. Na kwa kuwa Boca Vieja nyumba yenye mita inayozunguka kwa haki ni ya padre peke yake, na hata hiyo nina mashaka nayo, mji uliingiwa na baridi. Neno lilipita jikoni kwa jikoni: mtu asikatize uwanjani. Kinamama wa jibini na samaki, ambao ndio pekee waliokuwa wakipandia hapa konani, wakahamia mitaa ya nyuma. Mono akawachukua huko huko, karibu na makaburi, basi likajaa mpaka mlangoni, na asubuhi zote hizo alipita uwanjani kwanza, gari tupu, akampungia yule binti mkono. Wale watatu wakamnunulia kahawa. Alipowauliza kama watu wa hapa husafiri, Daktari alimjibu kwa heshima zote kwamba watu wa Boca Vieja hawasafiri, wana kila kitu.

Tulijiona wajanja kupita kiasi. Tulikula arepa, mikate ya mahindi yenye mayai ndani, siku ile alipoondoka, tukiamini tumewashinda watu wa umeme.

— Basi kumbe hakuwa wa umeme, — alisema Mguu-Kasuku taratibu, akimtazama Daktari.

— Hakusema ni wa nani, — alisema Daktari. — Mtu akificha jina lake, mimi nifanyeje? Mficha uchi hazai.

Ubaldina hakuwa amekuja kutafuta mwenye kosa. Nadhani alishamjua tangu njiani, na hakuwa na muda naye. Alisema alikaa ofisini kwa Brisa mpaka wakachoka naye. Mwisho wamekubali kumleta binti yule yule kesho asubuhi, La Cruz, ahesabu mara moja tu. Akiona watu wa Boca Vieja wamesimama pale, wakapanda, wakafika mjini, basi litarudi kuingia. Asipowaona, faili linafungwa.

— Kinamama wa samaki wameshapata lori, hawawezi kuliacha, — alisema. — Wanafunzi wako likizo. Nimepita nyumba kwa nyumba. Nina watu wachache mno, na wengine ni wazee kama mama yangu. Nahitaji watu wa kusimama.

Ndipo ungewaona wanaume hao walivyochangamka. Mawazo yalitoka kwa wingi. Seneta alisema waandike malalamiko, yeye ataweka sahihi ya kwanza. Mguu-Kasuku alisema si lazima kusimama. Kwetu mtu akitaka nafasi huweka kofia yake, basi zipangwe kofia La Cruz, kila jiwe na kofia yake, na binti ataelewa ni desturi. Daktari alipendekeza wapande kweli, ila washukie kituo cha mafuta na kurudi kwa miguu kabla ya chakula.

— Binti atakuwa ndani ya basi, — alisema Ubaldina. — Anahesabu mpaka mjini.

— Mpaka Barranquilla kabisa?

— Mpaka Barranquilla.

Kisha Ubaldina akamgeukia mmoja mmoja, bila ukali.

— Nafer, utakuja?

Mguu-Kasuku alisema angekuja kwa moyo wote, lakini kesho kuna jogoo wake anayepigana, na jogoo huyo hakubali kushikwa na mtu mwingine.

— Dagoberto?

Seneta alieleza kwamba mtu aliyewahi kugombea hawezi kuonekana njia panda akihesabiwa kama ng'ombe, wapinzani wake wangeitumia. Akaahidi kufuatilia kwa ngazi za juu.

Daktari hakungoja kuulizwa. Alisema binti yule anamfahamu kwa sura, akimwona atajua mji ulimdanganya, na hapo ndipo mambo yataharibika zaidi. Kwa hiyo yeye kubaki ni msaada. Alilisema kwa uso wa mtu anayejitolea mhanga. Na mimi, niliyewacheka tangu alfajiri, niligundua kwamba kesho ni Jumamosi, siku ya vichwa vingi, na kwamba mwalimu bado alikuwa na povu upande mmoja. Nilirudi kwenye povu. Sijapanda basi la Brisa tangu mama yangu azikwe, na wale watatu sidhani kama wamewahi kulipanda katika miaka hii tunayolitetea.

Ubaldina aliukunja mwavuli, ingawa jua lilikuwa kali.

— Aníbal alinikataza nisije hapa, — alisema. — Nilipotoka aliniambia, pita kokote, ila benchini usipite. Akasema wale ndio rafiki zangu, usiwaombe kitu. Ukiwaomba wakakataa, nitakwenda kukaa na nani?

Mguu-Kasuku alitazama vidole vyake.

— Sasa narudi nyumbani. Yuko macho, ananingoja kitini, na kitu cha kwanza ataniuliza ni nimepitia wapi. Nimwambie nini?

Alisimama akingoja, kwa sababu lilikuwa swali la kweli, alitaka kweli kujua. Seneta akachunguza kikombe chake. Daktari alifungua mdomo, methali haikuja, akaufunga. Mwalimu wa hesabu, na povu lake, aliniangalia kwenye kioo, nami nikaangalia wembe. Kengele ya kanisa ililia, tukashukuru wote kupata cha kusikiliza, na ilipokoma yule mama alikuwa bado amesimama pale pale.

Yesid ndiye aliyesogea. Aliinama, akawanyang'anya vikombe mikononi, hata cha Daktari kilichokuwa nusu, akamwaga chini, akafunga vifuniko vya chupa zake kimoja baada ya kingine. Seneta alimwambia kwamba kahawa bado imo, ameisikia ikicheza ndani.

— Imo, — alisema Yesid, akazibeba, akaondoka nazo.