Barua Moja kutoka Goweko

Mgeni rasmi, Mchungaji Ezekia Masanja, Mwenyekiti wa Bodi ya Elimu ya kanisa letu na mzaliwa wa kijiji cha Lusu: shikamoo. Na mwangaluka pia, maana hapa Tabora salamu moja haimtoshi mgeni.

KARIBU
Sisi wanafunzi wa theolojia, mwaka wa tatu, tumekungoja tangu mvua za kwanza. Tumefagia, tumepaka chokaa ukuta wa mbele. Wa nyuma tunaomba usiuzungukie, chokaa iliisha.

TULIKOTOKA
Tulianza watu kumi na tisa. Chuo chetu kipo kando ya njia ya wapagazi wa zamani, na siku ya kwanza Elieth, binti wa wakulima wa tumbaku wa Goweko, alituambia: "Babu wa babu yangu alibeba mizigo ya watu hadi pwani, wala hakuulizwa kama anastahili. Mimi nimekuja kubeba Neno."

Ambrosi akamtania, "Dada, mzigo huo hauna ujira."

"Ndiyo maana wanaume mmetuachia," akajibu.

MAFANIKIO
Kigiriki tulifaulu sote. Elieth alitufundisha vitenzi kwa kuviimba, akivipigia makofi kama wanawake wanaotwanga kwa zamu. Hata Ambrosi alifaulu, jambo ambalo wengine wanaliita muujiza.

Leo tupo kumi na wanane.

CHANGAMOTO
Maji ya bweni hutoka Jumanne tu. Vitabu vya Kiebrania ni vinne. Hayo tumeyazoea. Tusichokizoea ni kiti kitupu cha karibu na dirisha.

Likizo iliyopita Elieth alikwenda kwao kwa mafunzo ya usharikani. Bibi Koleta, kikongwe wa usharika huo, akafariki, mchungaji akiwa Nzega na gari limemharibikia huko. Utaratibu unajulikana: mwanafunzi husoma somo, haziki maiti. Siku ya pili, jua la Agosti likiwaka, wanawake walimjia mlangoni. "Mwanetu, bibi yako hawezi kungoja zaidi." Elieth alijifunga kanga, akaongoza ibada, akashika udongo, akayasema maneno yote hadi mwisho.

Wazee wa usharika wakamwita.

"Nani alikuwekea mikono ukawa mchungaji?" aliuliza Mzee Ngassa.

"Hakuna, baba."

"Sasa ulizika kwa ruhusa ya nani?"

"Jua halikuwa na subira, baba."

Alipiga magoti akaomba radhi kwa kuvunja utaratibu. Walipomtaka aseme pia kwamba anajuta kumzika Bibi Koleta, alikataa, akainuka. Basi barua ya wito, ambayo kila mmoja wetu huileta kila mwaka kutoka usharika wake, yeye hakuandikiwa. Bila barua hakuna usajili.

Hakubaki Goweko. Aliomba kazi jikoni hapa chuoni. Kila siku, saa ya Kiebrania, huja kupepeta mchele chini ya dirisha letu. Mwalimu akiuliza swali nasi tukakosa jibu, tunausikia ungo ukinyamaza. Jibu lipo nje, mgeni rasmi, nasi tunatazamana.

MAOMBI
Tunaomba tangi la maji. Tunaomba vitabu.

Tena tunaomba, ukirudi, upitie Goweko, ukae na Mzee Ngassa. Hatukutumi ukaseme kwamba Elieth alikuwa sahihi. Hilo tunabishana hata sisi wenyewe. Twaomba wazee waandike kwamba wanamjua, ni binti yao, na ameitwa. Usajili unafungwa Ijumaa.

HITIMISHO
Maneno haya tumeyaongeza kwa kalamu baada ya chakula. Uliusifu wali, ukauliza nani kapika, nasi tukajibu, "Dada wa jikoni." Tuliogopa kumtaja, na tunajisahihisha mbele yako. Amepika Elieth. Yupo chini ya dirisha sasa hivi, na ungo umenyamaza.

Mungu aitangulie safari yako, akulinde njiani, na akufikishe Goweko kabla ya Ijumaa.

Ni sisi wako,
Wanafunzi wa Theolojia, Mwaka wa Tatu.
Kumi na tisa.