Kibuyu Ambacho Daktari Hakukionja Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Daktari Fermín Olascoaga. Alikuwa daktari wa Rais hapa Montevideo, katika karne ya kumi na tisa. Daktari wa Rais, aliyefia gerezani akiitwa mtilia sumu.

Rais yule alikuwa na tumbo bovu na wasiwasi usioisha. Mpishi alishafukuzwa. Kinyozi alishafukuzwa. Aliyebaki ni Fermín, aliyemtengenezea chai ya yerba kila asubuhi. Na mnajua wenyewe: chai hii hufyonzwa kwa mrija kutoka kibuyuni, na anayemimina hunywa wa kwanza. Kibuyu kimoja, mrija mmoja, kwa wote. Akinywa yeye, wengine roho zinatulia.

Asubuhi moja ya Agosti, Fermín alimimina, akampa Rais moja kwa moja.

Rais hakukipokea. "Daktari, leo umesahau kunywa?"

"Sijasahau, Mheshimiwa. Sina hamu tu."

"Huna hamu. Jana ulikuwa nayo." Akamgeukia kapteni wa walinzi. "Unamsikia huyu? Haya, Daktari, kunywa tukuone."

Fermín alikunywa chote, taratibu. Kisha akaupinda ule mrija wa fedha mpaka ukavunjika. Kapteni akamkamata palepale. Kwake yeye, kama daktari hana hatia, kwa nini aharibu ushahidi?

Hakufa kwa sumu, wasikilizaji wapendwa. Alikufa miezi kadhaa baadaye, kwa kifua kikuu. Alikuwa ameanza kukohoa damu, na hakutaka mtu mwingine auguse mrija uliotoka kinywani mwake.

Sasa kwa nini hakusema? Nilimuuliza kitukuu wake, Bi Eulalia.

"Binti yake alikuwa ameshachumbiwa," alisema. "Enzi hizo nyumba ikisikika ina kifua kikuu, nani angeoa humo? Alimwambia mkewe tu, kulekule gerezani, akamwapisha asiseme; naye aliitoa siri hiyo uzeeni, kwa binti yake tu. Sisi tulikatazwa hata kumtaja. Inauma, mwanangu."

Wapo wanaodai familia imeitunga hadithi hii. Hata mimi niliishuku.

Jumamosi hii mifupa yake imezikwa upya, kando ya mkewe. Bi Eulalia na ukoo wote wa Olascoaga, poleni sana. Pole yetu imechelewa mno, na tunaona aibu.

Nasi tujitazame. Sasa hivi fundi mitambo wetu, Nelson, amenipa kibuyu bila kunywa kwanza. Ana mafua, maskini. Lakini kabla hajaniambia, nilikuwa nimeshakirudisha mezani.