Kokoto ya Mfinyanzi

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni babu yangu mzaa mama, Mnesilo kinyozi wa Keramiko, mtaa wa wafinyanzi, kwenye karamu ya siku ya kumi baada ya kuzaliwa kaka yangu, mtoto alipopewa jina la babu mzaa baba, Eukrate. Ilikuwa mwaka wa nane tangu kuta za Athene zianze kujengwa upya. Mimi sikuwa nimezaliwa. Niliisikia baadaye kutoka kinywani mwake, si mara moja, na shangazi yangu, aliyekuwapo kwenye karamu ile, hunisahihisha nikikosea.

Benchi la babu lilikuwa ubao wa merikebu iliyovunjwa bandarini Pireo, limeegemezwa ukutani nje ya kibanda chake cha kunyolea. Hapo palikuwa na mtungi wa divai yenye maji mengi kuliko divai, kikombe kimoja cha kupokezana, na sahani ya dengu za kukaanga. Wenyeji wa benchi hawakuitana majina yao. Babu mwenyewe alikuwa Wembe. Smikithio, mzee aliyeshinda mahakamani hata siku asiyokuwa na zamu ya kuhukumu, waliyemwona akila na kulala na sheria, alikuwa Kifungu. Theopompo, aliyefuga nywele mpaka mabegani na kuvaa shuka moja jua na baridi ili afanane na watu wa Sparta, alikuwa Nywele. Na Eukrate mfinyanzi, babu yangu mzaa baba, alikuwa Dongo.

Asubuhi ya habari yenyewe, miaka kadhaa kabla ya karamu ile, Dongo alikuwa amefika kabla hata ya Wembe kufungua; Kifungu na Nywele walimkuta hapo.

WEMBE: Mzee Dongo, hizo dengu umeziadhibu kweli. Hata za chini zilizoungua?

DONGO: Zimekaangwa vizuri tu.

WEMBE: Za jana hizo. Na juzi ulikula hizohizo. Kwenu kuna moto, kuna chungu, kuna mwana anayepika. Kulikoni? Mmegombana na Likisko?

DONGO: Likisko hana ugomvi na mtu.

KIFUNGU: Basi wewe ndiye mwenye ugomvi. Sema, bwana wee. Penye wengi hapaharibiki jambo, na sisi tupo wanne.

Dongo alitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimepinda, na gurudumu lake la kufinyangia alikwisha kumpa jirani.

DONGO: Zamu yangu ya mahakama iliangukia kesi ya mzee mmoja. Kamshitaki mwanawe, hamlishi. Yule kijana akasimama, akasema, “Baba huyu hakunifundisha kazi yoyote.” Karani akasoma sheria.

KIFUNGU: Naijua! Mwana asiyefundishwa kazi na babaye halazimiki kumlisha uzeeni. Sheria safi kabisa ile.

DONGO: Safi. Nami niliapa kuhukumu kwa sheria. Yule mzee alikuwa ananitazama mimi hasa, sijui kwa nini. Nikatumbukiza kokoto yangu ya kura upande wa mwana. Mwana akashinda.

WEMBE: Sasa?

DONGO: Sasa niambieni ninyi. Likisko nilimfundisha kazi gani?

Mtaa mzima ulijua jibu. Dongo hakumruhusu mwanawe kugusa udongo. Yeye mwenyewe, kila alipopanda mlimani kwenye baraza la wananchi, alificha mikono ndani ya shuka, na hakuwahi hata siku moja kuomba kusema. Kwa hiyo mtoto alipelekwa kwa mwalimu wa herufi, kwa mwalimu wa kinubi, na uwanjani kwenye mieleka, kama watoto wa matajiri wenye farasi. Akatoka mwananchi kamili. Lakini mlimani hakusema hata yeye, kwa kuwa ni mpole. Akawa mwalimu wa herufi, kazi ambayo kwetu mtu akiulizwa hujibu kwa sauti ya chini.

NYWELE: Haya yote ni kwa sababu mnalea watoto kama kuku. Sparta hakuna kesi ya namna hii. Mtoto akifika miaka saba mji unamchukua. Analala juu ya matete, anakula nusu tumbo, hana viatu. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo maana kule hawali samaki.

WEMBE: Wewe Sparta umefika lini? Ulifika Megara tu, hapa jirani, ukaugua tumbo ukarudi.

NYWELE: Nina habari kwa mtu wa uhakika.

WEMBE: Yule mateka wa Sparta niliyekuwa namnyoa? Mtu mzima mwenye makovu, kila nikimpaka mafuta analia anamtaja mama yake.

NYWELE: Alikuwa mgonjwa yule! Sikilizeni. Kule kila mzee ni baba wa kila mtoto. Mzee yeyote ana ruhusa ya kumchapa mtoto yeyote.

WEMBE: Na mtoto yeyote anamlisha mzee yeyote?

NYWELE: Hilo... hilo sikuuliza.

KIFUNGU: Tuache hadithi za Nywele. Swali ni je, herufi ni kazi au si kazi?

WEMBE: Likisko anakula kwa herufi.

KIFUNGU: Kasuku naye anakula kwa kusema. Na hata kama ni kazi, nani kamfundisha? Mwalimu. Sheria inasema baba. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kwa hiyo mama hana kesi hapa, tumtoe.

WEMBE: Mama alikwisha kufa, Kifungu. Nani kamtaja?

KIFUNGU: Natayarisha hoja. Sasa shikeni hii. Likisko alifundishwa nyimbo za mashujaa kwa faida ya nani? Ya mji. Mieleka? Ili abebe ngao ya mji. Akala kiapo cha mkuki na ngao, mbele ya nani? Mbele ya mji. Basi mji ndio uliomfinyanga. Dongo alileta udongo tu! Mji ukamchukulia mwana, mji umlishe baba. Tuushitaki mji!

WEMBE: Mbele ya nani?

KIFUNGU: Mbele ya... mji.

NYWELE: Umechemka, mzee.

KIFUNGU: Sijachemka! Nina nyingine. Sheria haikusema baba afundishe lini. Afundishe leo! Likisko akifinyanga bakuli moja hapa, mbele ya mashahidi, amefundishwa kazi. Mtu haachi kujifunza mpaka azikwe. Nywele, wewe mwenye miguu ya Sparta, kimbia kwa jirani ulete udongo.

Nywele akaenda kweli. Akarudi na donge kubwa kama kichwa cha mbuzi, akaliweka benchini kando ya mtungi. Dongo aliwakasirikia wote watatu. Lakini babu alisema kidole gumba cha Dongo kilikwisha kwenda peke yake kwenye lile donge, kikachokoa kijiwe kilichokuwamo.

DONGO: Udongo haujakandwa huu. Nani kakupa takataka hii?

WEMBE: Basi ukande.

DONGO: Sikandi. Sitaki hila, Wembe. Mimi niliamua kwa mkono wangu kwamba baba wa namna ile hadai kitu. Halafu niende nyumbani ninyooshe mkono uleule kwenye mkate wa mwanangu? Kwa haki ipi? Nikila ni kama namwibia, naye ni mpole, hatasema. Nitapungua mwili tu, basi, nitazoea.

KIFUNGU: Utazoea kufa, mwenzangu.

Hapo ndipo Likisko alipofika, nta ya vibao vya kuandikia vidoleni, ametoka kuwaachia watoto wakapumzike.

LIKISKO: Shikamooni, wazee.

WEMBE: Marahaba, mwanangu.

LIKISKO: Baba, kila jioni unaniambia umekula kwa Wembe. Mzee Wembe, naomba kuuliza, huwa anakula nini?

Babu alisema hakuwahi kuona aibu kwa sababu ya dengu kama siku ile. Aliinyanyua sahani akamwonyesha. Ndipo Kifungu akamweleza yote: mahakama, kiapo, kokoto, na sheria yenyewe neno kwa neno.

LIKISKO: Hiyo sheria naijua. Huwapa watoto waiandike, wakishaandika tunaisoma pamoja. Mwana asiyefundishwa kazi halazimiki kumlisha babaye.

KIFUNGU: Sawasawa. Halazimiki.

LIKISKO: Na imeandikwa wapi kwamba amekatazwa?

Kifungu akamtazama Nywele, kana kwamba Sparta wangekuwa na jibu. Akashika mtungi amimine, ukatoa tone moja; divai ilikuwa imekwisha.

Likisko akachuchumaa mbele ya baba yake.

LIKISKO: Baba, watoto wenzangu walipelekwa shule na watumwa wa kwao. Mimi ulinipeleka wewe, alfajiri, kabla hujawasha tanuri. Mwalimu akianza, ulikuwa unabaki mlangoni. Ulidhani sikuoni?

DONGO: Nilikuwa napumzika.

LIKISKO: Ulikuwa unasoma pamoja nasi, midomo inacheza. Hata leo mtoto akishindwa na herufi, natazama kwanza mlangoni.

Shangazi husema alisikia karamuni kwamba Dongo alilia. Babu alikanusha, akasema mwenzake alipangusa jicho kwa mkono wenye udongo, na mtu akifanya hivyo jicho hutoa maji. Nimeandika yote mawili.

DONGO: Udongo huu utakauka.

LIKISKO: Supu niliyokupikia nayo inapoa nyumbani.

DONGO: Supu inapashwa moto. Udongo ukishakauka umekauka. Leta mikono. Si hivyo, usiubane kama mwizi. Shika kama unavyoshika nta.

Vidole vilivyopinda vikawekwa juu ya vidole vya mwalimu. Kifungu akasimama wima awe shahidi, akamwamuru Nywele naye asimame. Bakuli lilitoka limeinama upande mmoja. Jirani alilichoma kwa hisani, na baba na mwana wakaenda kula. Supu, baba yangu anasema, ilikuwa baridi kabisa, na Dongo alirudia mara ya pili.

Bakuli lile tunawekea chumvi.

Nywele alianguka Korintho, akipigana na Wasparta. Kifungu alifia benchini, katikati ya hoja. Eukrate alikuwapo siku kaka yangu alipopewa jina lake, akambeba, akafa majira ya baridi yaliyofuata, nyumbani kwa mwanawe. Babu Mnesilo alimfuata miaka mingi baadaye, na benchi sasa lina watu wengine. Walio hai ni shangazi yangu. Ni kaka yangu Eukrate, mfinyanzi, ambaye herufi pia anazijua. Na baba yangu Likisko, asiyefundisha tena kwa kuwa macho yamefifia, na anayekula kila jioni kwa kaka, amekaa karibu na chumvi.