Bi Khamisa na Ndovu Aliyegeuka Nyuma

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, watu wakitoka swala, Bi Khamisa Sele atafunga mlango wa chumba cha sarafu hapa Thika baada ya miaka ishirini na saba. Ofisi ilitaka karani aandike haya ya kumuaga. Nilikataa. Mimi Mburu ndiye niliyeendesha pikapu ya magunia ya sarafu kabla ya kupewa lango nilinde, na hakuna mtu hapa anamjua kunishinda. Shule sikukaa sana, lakini macho ninayo.

Alianza 1998, wakati sarafu tunazokusanya zilitoka kwa vibanda vya simu. Siku hizi zinatoka kwa mashine za maji za Ruiru, Murera na Kahawa Wendani. Mashine ikitema sarafu, inaletwa kwa meza yake, aseme kama ni bandia, imeharibiwa na mtu, ama ilizaliwa hivyo kiwandani. Iliyopigwa nyundo na mtu ina mkwaruzo. Iliyozaliwa vibaya ni laini kama shavu la mtoto. Hayo aliyajua kwa kidole, bila miwani. Nami nilimsaidia sana, maana ni mimi nilikuwa namletea.

Mtakumbuka ile shilingi ya twiga bila kichwa. Mama mmoja wa Murera alitemewa na mashine, akaiangalia, akamwaga maji yote aliyokuwa ameteka, akisema yamelogwa. Bi Khamisa alienda mwenyewe kumweleza kwamba kile kipande cha chuma hakikukaa katikati muhuri wa kiwandani ukishuka, kwa hivyo kichwa cha twiga kiligongwa hewani. Mama akauliza, "Sasa hicho kichwa kiko wapi?" Bi Khamisa, mwenye majibu yote, akampa shilingi nyingine ateke maji upya.

Aliyemfundisha kazi ni marehemu Nzioki, mtu wa mkono wa kushoto. Nzioki alikuwa na desturi yake: kabla ya kuangalia sarafu, anaigonga mezani mara mbili, anainamisha sikio. Wakati wake wa kustaafu ulifika, akakatalia kwa kiti. Mkubwa alifurahi. Mimi pia nilimsifu, maana hata mimi siondoki mahali kwa kuambiwa. Nzioki alifia hapo mezani, sarafu mkononi. Bi Khamisa akakalia kiti kabla hakijapoa.

Mwaka uliofuata nikasikia kugonga. Mara mbili, halafu kimya. Nilichungulia, kumbe ni Bi Khamisa, na anagonga kwa mkono wa kushoto, yeye anayekula na kuandika kwa kulia tangu azaliwe. Nikamuuliza, "Dada, umebadilisha mkono?" Akauangalia ule mkono kama wa mgeni aliyeingia bila hodi. Baadaye kikaja kikohozi cha Nzioki, kile kikavu cha asubuhi, kwa kifua ambacho hakijawahi kuugua. Tukazoea. Binadamu huzoea.

Halafu mwaka huu ikaja ile ya shilingi ishirini kutoka Ruiru. Upande mmoja ndovu. Upande wa pili ndovu yule yule, lakini amezama ndani kama unyayo kwa matope, na anaangalia nyuma. Bi Khamisa aliishika muda mrefu. Akanieleza kwamba sarafu iliyotangulia ilikataa kutoka kwa muhuri. Iling'ang'ania pale, hii iliyofuata ikagongwa juu yake, ikapata sura ya mwenzake, kinyume. "Si makosa ya hii, Mburu," akasema. "Ni ya ile haikutoka."

Wiki hiyo hiyo Bridget Awiti, anayefundishwa kurithi meza, aligonga sarafu mara mbili. Hakuna mtu alikuwa amemwonyesha. Bi Khamisa hata alikuwa ameacha kugonga mbele yake, kwa makusudi. Na mkono ulikuwa wa kushoto, ilhali yeye ni wa kulia.

Siku hiyo Bi Khamisa aliingia kwa mkubwa akaomba kuondoka. Alibembelezwa aongeze miaka miwili. Mimi pia nilimwambia asiwe mjinga, mtu wa maana haachi kiti. Akanijibu, "Wewe baki, kichwa ngumu. Mimi natoka mtoto wa watu akiwa bado na sura yake."

Tangu Jumatatu amekuwa akikaa nje na mimi langoni, tukinywa chai, amemwachia Bridget chumba. Jumatatu kugonga kulisikika mchana kutwa. Jumanne kulisikika mara chache tu. Jana nilitega sikio, na sikio langu linashinda la kijana yeyote hapa, sikupata kitu. Nikachungulia. Bridget alikuwa ameshika sarafu kwa mkono wa kulia, anaigeuza kwa mwanga wa dirisha, vile anapenda mwenyewe. Nikarudi kumwambia Bi Khamisa. Akamaliza chai yake yote.

Bi Khamisa, tunakushukuru kwa kidole chako na uvumilivu wako. Ile sarafu ya ndovu umeinunua kwa ishirini yako nzima, ni yako. Tunakuombea afya, wajukuu wengi na asubuhi zisizo na kikohozi. Ukitukumbuka, tuite, tutakuja kwako Majengo sote tukule pilau. Lakini hapa usirudi, hata kwa salamu. Lango nalinda mimi, na safari hiyo sitakufungulia. Enda salama, dada, na usigeuke nyuma.